Nyumba ya Kusifu

Ko. Ko-ko. Ubao uligonga mti, upepo ukapumzika kidogo, ukagonga tena. Ulikuwa ubao wa sanduku la sabuni, umetundikwa kwa waya kwenye kaliptusi, mbele ya nyumba ya matofali ya kuchoma, juu ya kilima kimoja cha Butembo. Hata sasa, mtu akibisha hodi kwa kidole kimoja, ni ubao ule unaonijia.

Nilipita pale kila asubuhi na ndoo yangu, nikienda chemchemi. Saa zile ukungu unajaa mabondeni, vilima vinabaki juu peke yao kama visiwa. Kisiwa sijawahi kukiona hata kimoja. Nilivijua kwenye ramani ya darasani tu, vitone vya manjano ndani ya buluu. Lakini kwangu nyumba ile ilikuwa kisiwani. Nilisimama chini nikiiangalia inavyoelea, na kichwani nilikuwa nimekwisha ingia, nimekaa dirishani, nimeota jua, mpaka wenzangu waite: "We! Maji itakufuata wewe?"

Kwenye ubao waliandika kwa rangi nyeupe: MAISON À LOUER.

Kifaransa changu kilikuwa kifupi. Nilifika mwaka wa nne wa primaire, halafu uasi ukafunga shule. Lakini maison nilijua, ni nyumba. Na louer nililijua vizuri zaidi, kwa sababu tuliliimba kanisani kila Jumapili, na sista alitufasiria: louer ni kusifu. Donc, basi, nyumba ya kusifu. Sikuona ajabu yoyote. Nilidhani mwenye nyumba aliijenga kwa taabu, sasa anaomba wapita njia wamsaidie kuifurahia. Niliona ni haki yake kabisa.

Sisi hatukuwa na nyumba. Baba alikuwa mtu wa posta, mzaliwa wa Kasai. Uhuru ulimkuta mji wa Beni, uasi ukamkuta Beni, na waasi walipoondoka serikali ikamleta Butembo, bila kusema atalala wapi. Mapadri walituweka katika darasa pamoja na familia zingine, kila familia na kona yake, kikwembe kimetandazwa kuwa ukuta. Mama alilala juu ya mabenchi mawili yaliyosogezwa pamoja. Alikuwa na mimba iliyotimiza miezi, alipumua kama mtu anayepanda mlima.

"Huyu akizaliwa hapa," alisema akijipapasa tumbo, "atatoka na certificat yake mukononi."

Tulicheka. Halafu padri akaja kutangaza kwamba Jumatatu masomo yanaanza upya, madarasa yote yawe matupu. Ilikuwa Alhamisi. Mama hakuchekesha tena.

Baba alizunguka mji mzima, mpaka kule Rughenda kwenye uwanja wa ndege. Kila alipobisha walimkaribisha, wakamuuliza kazi yake, akasema posta, nyuso zikafungwa. "Batu ya serikali hapana, monsieur. Leo muko hapa, kesho mutation, banabahamisha, munapotea na ufunguo." Alirudi jioni, akavua viatu, akaviangalia tu.

Habari ya ubao sikumwambia. Nyumba ya kusifu, kwa mtu anayetafuta ya kulala, ingemfaa nini?

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito. Niliweka ndoo chini, nikaona leo nitafanya kama ubao unavyoomba. Moyo ulikuwa mzito, na kusifu kunapunguza. Nikasema kwa sauti, mbele ya ua:

"Nyumba, uko mzuri. Matofali yako iko na rangi ya maharagi yenye kuiva. Madirisha yako inaamuka mbele ya batu bote. Moshi yako inapanda sawa, haisongeki. Na mulango yako, mtu akiwa na mutungi ku kichwa anaingia bila kuinama."

"We mutoto! Unasema na nani?"

Mama mmoja alitoka jikoni, mnene, kikwembe kimefungwa kifuani, mkononi ungo wa maharagi.

"Na nyumba, mama."

"Na nyumba." Aliiangalia nyumba, akaniangalia mimi. "Na yenyewe inakujibu?"

"Bado, mama."

Alicheka mpaka maharagi yakamwagika. Niliinama kuyaokota, na yeye juu yangu akizungumza. Yeye na marehemu mume wake waliyachoma yale matofali wenyewe, matanuru yakiwashwa ndani ya mvua. Sasa yeye anahamia kwa mwanae kule Mutwanga. Na wote waliokuja kuiona waliitukana: choo iko mbali, chumba iko baridi, mabati ni ya zamani. "Mutu anatukana nyumba yangu, halafu anataka alale ndani!"

Mimi sikuelewa kulala kunaingiaje.

"Na nyinyi munakaa wapi?"

"Ku masomo, mama. Ndani ya darasa. Jumatatu banatutosha inje."

"Baba yako anatumika kazi gani?"

"Posta."

Aliacha kupepeta. "Aa. Serikali." Kisha, taratibu: "Mwambie akuye kesho. Mimi mwenyewe nitamukatalia ku macho."

Nilimpelekea baba maneno hayo vilevile. Baba akasema kukataliwa amekwisha zoea, kumoja zaidi hakutamuua, na Jumapili baada ya misa tukapanda pamoja.

Alianza vibaya. Alikuwa mtu wa mji, alijua kwamba bei ya nyumba inapunguzwa kwa kuitafutia nyumba makosa. Akagonga ukuta. Akaangalia juu. "Mama, haya mabati, naona..."

"Njo vile, yaleyale!" Mama yule alinigeukia mimi. "Unasikia baba yako? Mutoto anasifu, muzee anatukana. Rudini kwenu."

Baba alinigeukia. "Nani alisifu?"

"Mimi, baba. Ubao ndio uliomba."

"Ubao gani?"

Nikamwonyesha, nikamsomea na kumfasiria neno kwa neno, kama sista. Baba alisoma. Alisoma tena. Mabega yakaanza kumtetemeka, akashika ule mti wa kaliptusi kwa mikono miwili, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Tangu Beni sikuwa nimemsikia akicheka vile.

"Hii ubao inasema nini?" mama yule akauliza kwa wasiwasi. "Ni mutoto wa ndugu yangu njo aliandika. Mimi sijue kusoma."

Baba alifuta machozi, akamweleza kwamba kwa Kifaransa kupangisha na kusifu ni neno moja, louer, na mimi nilijua nusu moja tu. Mashavu yaliniwaka moto. Donc nyumba ilikuwa ya kupanga! Siku zote zile! Nilitaka ukungu urudi unifunike.

Mama yule hakucheka mara moja. Aliuangalia ule ubao kama mtu aliyeambiwa kwamba mtoto wake anaimba vizuri. "Inasema yote mbili?"

"Yote mbili, mama."

"Basi wewe pia utaanza na ile ya kwanza. Sifu."

Baba aliokota kofia, hakuivaa. Mtu wa mihuri na stempu, maneno ya uzuri hakuyazoea. Alikohoa. Aliangalia mlango, dirisha, kile chumba cha nyuma. Halafu akasema polepole, Kiswahili chake kimechanganyika na Lingala:

"Mama, ndani ya nyumba hii, bibi yangu anaweza kuzaa."

Upepo ulipita. Mama yule alimsogelea.

"Na mutation ikikuja?"

"Ikikuja, nitakuambia muchana. Ufunguo nitakupa mukono kwa mukono."

Mama yule alifungua ncha ya kikwembe chake, akatoa ufunguo uliopata joto la tumbo lake, akampa. Akanifinya shavu. "Wewe na mudomo yako! Ukifika shule, usiseme ni ubao yangu ilikufundisha Kifaransa." "Wasingya, mama," nikamshukuru kwa Kinande, vibaya, akacheka tena.

Jioni ile mama yule alitoka na mizigo yake, baba akashuka kumchukua mama yangu kule darasani, na mimi nikaachwa kulinda nyumba. Nyumba nzima ilikuwa tupu, ya kwetu, na ilinuka majivu ya watu wengine. Nilienda nyuma, nikachagua mawe matatu penye mtaro, nikayabeba moja moja mpaka jikoni, nikayapanga yawe mafiga ya kutosha sufuria yetu. Moja liliyumba. Nilitafuta kipande cha tofali, nikakipenyeza chini yake, nikalisukuma kwa kiganja, nikalisukuma tena, mpaka likatulia.