Aproni Sita

Katika shule yetu, kitu pekee kilichomtosha kila mtu kilikuwa jembe. Hilo nililijua mapema kwa sababu nilihesabu. Darasa la saba tulikuwa wasichana ishirini na sita. Cherehani zilikuwa nne, lakini moja ilikuwa pambo tu, kwa hiyo tatu, na kila moja ingekaliwa na wasichana wawili kwa zamu. Wa ualimu wa watoto walitakiwa watano. Aproni nyeupe za uuguzi zilikuwa sita, zimekunjwa kabatini kwa Sista mkuu. Majembe, stoo, yalikuwa thelathini na moja. Nikarudi siku ya pili kuyahesabu tena, isije ikawa nimehesabu na mipini mitupu. Thelathini na moja.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na shule yetu ilikuwa shule ya kati ya wasichana ya misheni pale Ifakara. Mwaka ule ndipo walipoamua kwamba msichana wa darasa la saba achague kazi mwenyewe, ajifunze hiyo mchana kutwa mara tatu kwa wiki mpaka amalize darasa la nane. Uuguzi, Ushonaji, Ualimu wa Watoto, Bustani na Mapishi. Sista mkuu alitueleza akiwa amesimama, mikono ndani ya mikono ya gauni lake.

"Hakuna atakayechaguliwa," alisema. "Kila mmoja atachagua. Siku ya kufungua shule, Jumatatu, baada ya mapumziko ya saa nne. Nitataja kazi, anayeitaka atasimama. Nafasi zikijaa, zimejaa."

Mimi nilitaka aproni. Sitajitia utakatifu hapa na kusema nilitaka kuwahudumia wagonjwa. Nilikuwa nimewaona wauguzi wa hospitali wakipita na viatu vyao miguuni, mchana kweupe, siku ambayo si ya sikukuu. Sista alisema watakaomaliza kazi ile shuleni watapokelewa hospitalini moja kwa moja kusomea uuguzi, wakipewa chumba, chakula na viatu. Na aliyepokelewa hospitalini hakuna mtu aliyethubutu kwenda kumwita akalinde ndege.

Kwetu ni Katindiuka, lakini mtu wa bonde ana makao mawili. Mvua zikishika, nyumba ya Katindiuka inafungwa kwa kamba, tunahamia shambani, mbali kule kupita Namawala, na huko tunakaa mpaka mpunga uvunwe. Mpunga ukianza kujaza punje wanakuja ndege. Hawaji wawili watatu, wanakuja kama moshi. Basi unapanda kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu kama kitanda cha jitu, unakaa humo tangu alfajiri hadi jua lizame, unavuta kamba zilizofungwa makopo na kurusha udongo kwa kombeo huku ukipiga kelele. Shamba letu lilikuwa na madungu mawili. La kwanza lilikuwa la mama, aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni. La pili lilikuwa langu tangu nina miaka saba.

Shule ilitupa wiki tatu za likizo kipindi hicho, ambayo sisi tuliiita likizo ya ndege. Ndege hawakuwa na kalenda ya misheni. Wiki tatu zikiisha wao bado wapo, na kila mwaka wasichana wa mashambani tulirudi tumechelewa siku mbili, siku nne, na Sista alitukemea kidogo, yakaisha. Mwaka ule ndio nisingeweza kuchelewa hata nusu siku.

Nilimwendea baba Alhamisi, siku nne kabla ya shule kufunguliwa. Alikuwa anasuka mgono wa kuvulia samaki.

"Baba, Jumatatu ninatakiwa shuleni."

"Ndege wameambiwa?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Sista amesema hakuna kuchelewa."

"Sista anakula mkate. Mimi nikinyang'anywa shamba na ndege nitakula mgono huu." Akavuta kamba, akaikaza. "Tafuta mtu wa kukaa kwenye dungu lako. Ukimpata, nenda hata leo."

Mtu huyo alikuwa mmoja tu. Shangazi, dada yake baba, mjane, shamba lake lilipakana na letu. Alipanda mbegu ya mapema, kwa hiyo alikuwa amekwisha kuvuna, anaanika tu. Alikuwa mwanamke wa kutisha sokoni. Nilikuwa nimefuatana naye mara nyingi kuuza mchele, nikamwona anavyoshikilia bei huku anatazama pembeni kana kwamba mnunuzi ni inzi. Yote niliyojua kuhusu kupatana bei alinifundisha yeye, na somo la kwanza lilikuwa hili: usimwonyeshe mwenye mali kwamba una shida nayo. Akijua una shida, umekwisha.

Nikaenda kwake kama mtu aliyekuwa anapita tu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Ndege wamekula hata sauti yako?"

Nikacheka. Nikamsaidia kugeuza mpunga kwenye mkeka. Nikazungumza habari za kuku wake. Baada ya hapo nikasema, kama jambo dogo, kwamba labda nirudi Ifakara mapema kidogo, nimechoka na mbu, na je, angeweza kunikalia dungu kwa siku chache mpaka ndege waishe?

Alinitazama. "Umechoka na mbu."

"Ndiyo shangazi."

"Nami mbu ni ndugu zangu." Akaendelea kugeuza mpunga. "Madebe mawili ya mpunga mtakapovuna. Nakuja Jumamosi asubuhi."

Mpunga wa kumlipa ningeutoa wapi? Kila mtoto wa dungu alipewa na baba kipande chake cha pembeni akavune mwenyewe, na changu nilikuwa nimekikadiria mara mbili, kingetoa madebe matatu. Mawili yangetoka, ningebakiwa na moja, na bado nilikuwa napata. Lakini bei ya kwanza haikubaliwi. Hilo nalo alinifundisha yeye.

"Mawili shangazi? Kwa kukaa tu?"

"Kaa wewe basi."

"Nusu debe."

"Nusu debe mpe nyani akukalie."

Tulivutana mpaka kivuli cha mti kikahama kutoka kwenye mkeka. Nilijifanya naondoka mara mbili. Mara ya pili aliniita.

"Debe moja," alisema. "Lakini kwa debe moja siachi mpunga wangu juani. Nitakuja Jumapili saa sita, nikishaanua. Si Jumamosi."

Nikapiga hesabu nikiwa nimesimama palepale. Jumapili saa sita naondoka. Saa kumi na moja jioni niko Namawala, nalala kwa ndugu za mama. Saa kumi alfajiri naamka, mwendo wa saa tano, saa tatu niko shuleni. Kuchagua ni baada ya saa nne. Ninabakiwa na saa nzima ya kunawa miguu. Nikaihesabu tena kutoka mwisho kuja mwanzo, ikatoka vilevile.

"Haya shangazi," nikasema. "Debe moja."

Nilirudi kwenye dungu langu nikitembea kama mtu aliyeuza ng'ombe kilema kwa bei ya mzima. Siku mbili zile niliwafukuza ndege kwa furaha.

Jumamosi jioni mvua ilinyesha huko milimani. Kwetu hakukudondoka hata tone, tuliona tu umeme mbali, na mama akasema milima inaoga. Jumapili shangazi alikuja saa sita kamili. Alikuwa mtu wa ahadi, siwezi kumsingizia. Nikafika Namawala kama nilivyopanga, nikaamka kama nilivyopanga. Saa moja na nusu asubuhi nilifika kwenye kijito ambacho tulizoea kukivuka tukiwa tumepandisha nguo magotini, nikakuta si kijito tena. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yamebeba matawi. Mwenye mtumbwi alikuwa amekaa ng'ambo, anavuta tumbaku, na tuliokuwa tunamwita tulikuwa watu tisa.

"Miti ikipungua, nakuja," alipaza sauti.

Miti ilikuwa inapita. Niliihesabu, sikuwa na kazi nyingine. Ilipofika arobaini na mmoja akaingiza mtumbwi majini, na alivusha wawili wawili, wazee kwanza. Mimi nilivuka wa mwisho. Nilikimbia pale palipokimbilika.

Nilifika shuleni saa nane mchana, matope mpaka kiunoni. Darasani wasichana wa uuguzi walikuwa wanajaribu aproni. Sista mkuu alinitazama kwa huruma kweli, na huruma ile ndiyo iliyoniambia kabla hajafungua mdomo.

"Pole, binti. Zimejaa."

"Sista, ni maji. Kijito kimejaa."

"Najua. Ninyi wa mashambani wengi hamkuwepo, tisa. Tumewaandika wote Bustani na Mapishi." Akaniwekea mkono begani. "Ninyi kilimo mmekwisha kukizoea. Mtafurahi."

Tulikosa kuchagua kwa sababu tulikuwa tunalima, kwa hiyo tukapewa kulima. Nililigeuza jambo lile pande zote nikitafuta mahali pa kulishika nibishane nalo, nikakosa. Majembe thelathini na moja, wasichana tisa. Tungeweza kulima na jembe kila mkono na mengine yabaki.

Aproni ya sita alikuwa ameivaa binti wa karani mmoja wa pale mjini. Jioni, bwenini, niliwauliza wenzangu alisimama lini. Wakacheka. Hakutaka uuguzi kabisa, alitaka cherehani. Ushonaji ulitajwa kwanza, yeye akawa ananong'onezana na jirani yake, alipozinduka nafasi zimejaa. Ualimu nao ukajaa, na Uuguzi wakasimama watano. Nafasi ya sita ikakaa wazi, Sista akauliza mara tatu, na mara ya tatu binti wa karani akasimama ili asipewe jembe.

Mara tatu. Nafasi ile ilikaa pale, haina mtu, na mimi nahesabu magogo.

Wiki ya kwanza alipelekwa hospitali, akaona kidonda kinasafishwa, akaanguka chini. Nilimfuata.

"Dada, tubadilishane."

"Mara moja," akasema. "Hata leo. Ile harufu, mwenzangu, inanifuata mpaka kwenye uji."

Ndiyo biashara pekee maishani mwangu niliyoifunga bila kupunguza kitu. Tukaenda wawili kwa Sista. Alitusikiliza vizuri, akatikisa kichwa. Majina yalikuwa yamekwisha kupelekwa hospitalini, na aproni zimepunguzwa na kushonwa upya kwa kipimo cha kila mmoja. Binti wa karani alinizidi kichwa kizima. Nikasema ninaweza kukunja pindo. Sista akasema aliyechagua amechagua.

Basi nikalima. Mwaka na nusu nililima kabichi na karoti za meza ya masista, mboga ambazo kwetu hakuna aliyekuwa anazila, nikajifunza kuzipika kwa namna ambayo nyumbani hakuna aliyetaka kuionja. Mara mbili kwa wiki tulipeleka mboga jikoni hospitalini kwa kapu, tukipita mlango wa nyuma, na mara nyingine nilimwona binti wa karani kwenye baraza. Alikuwa ameacha kuanguka. Miezi sita ilimtosha. Alikuwa amejifunza kufunga bandeji akizungumza huku anacheka na mgonjwa, na viatu vyake vilikuwa vinalia kwenye saruji. Alinipungia mkono kila mara. Alikuwa msichana mwema, na jambo hilo lilinikera kuliko mengine yote.

Debe la shangazi nilikuwa nimelilipa mwaka uleule tulipovuna. Alilitikisa, mpunga ukashuka, akaniambia nijazie. Nikajazia.

Nilipomaliza darasa la nane nilipita kwake kumsalimu, nikiwa na cheti changu ndani ya kitambaa. Hakujua kusoma, lakini alikishika kwa ncha za vidole, akakitazama mhuri.

"Kinasema nini?"

"Bustani na Mapishi. Vizuri sana."

"Wanakupa karatasi kwa kulima?" Akanirudishia. "Si ulikuwa unasema utakuwa nesi? Mama yako aliniambia ulikuwa unaota viatu."

Nikamweleza. Jumatatu ile, saa nne, nafasi sita, kijito. Nilieleza kwa kifupi, nikitazama pembeni. Mkono wake ukasimama ndani ya ungo.

"Ile siku ulipokuja na hadithi ya mbu," akasema, "kumbe ndiyo ilikuwa hiyo."

"Ndiyo shangazi."

"Mbona hukusema?"

"Ungepandisha bei."

Aliniangalia kama sokoni anavyomwangalia mtu aliyeleta mchele wenye mawe.

"Mtoto wa kaka yangu awe nesi, nami nimuuzie siku chache? Ningekuja Alhamisi ileile. Ningekuja na mkeka wangu nikaanika kwenu. Bure."

Nilikaa pale nikihesabu, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, na kila nilivyoipanga ile safari nilifika mapema, miguu mikavu, mvua bado haijanyesha milimani.

Shangazi akaendelea kupepeta. Baada ya muda akasema, bila kuniangalia, kwamba hata hivyo debe lile lilikuwa la mpunga mzuri, haukuvunjika kinuni. Nikamuuliza kama ana mpango wa kulirudisha.

"Tulipatana," akasema.