Sanduku Kwenye Kwaya

Mke wangu aliimba kwaya, na wakati wa mafuriko aliwapikia waliopoteza nyumba, wanetu wakisha kushiba. Mimi nilitaka abaki nyumbani Jumapili moja tu. Kwa kuwa kwaya yao haimruhusu mtu kuimba bila sare, niliifungia yake ndani ya sanduku la bati, ufunguo nikauvaa shingoni.

Nilipotoka kuoga, hakuwapo. Sanduku pia halikuwapo, na suruali zangu zote zilikuwamo ndani yake.

Nilifika kanisani nimejifunga kitenge chake kiunoni. Alikuwa amesimama mstari wa mbele, sanduku kichwani.

“Mama, sare iko wapi?” rais wa kwaya alimuuliza.

“Iko humu ndani. Nimekuja nayo.”

Wazee wa kanisa wakaanza kubishana kama sare iliyo kichwani imevaliwa au haijavaliwa. Ndipo akaniona mlangoni.

“Papa, weye uko na ufunguo. Karibu mbele!”

Nikapita katikati ya waumini wote, nikapiga magoti mbele ya sanduku alilokwisha kulitua, nikafungua. Akanitupia suruali, akaenda kuvaa, akarudi kuimba.

Tangu siku ile sanduku halina kufuli, hata sasa ambapo sare imebaki bila wa kuivaa.