Mabaka meupe yaliponikosesha mtu wa kuniosha miguu kanisani

Wakuu, salamu kutoka milimani. Hii sikusimuliwa, yalinipata mwenyewe.

Miaka ya sabini, kijijini Ekerenyo, Kisii, nikiwa kidato cha pili, miguu yangu ilianza kutoka mabaka meupe. Kijiji kizima kikawa daktari: ukoma.

Sisi ni Wasabato. Kabla ya Meza ya Bwana wanaume huoshana miguu wawili wawili, wanawake nao kwao. Sabato moja ya Meza hiyo wanaume walipata wenzao haraka ajabu. Nikabaki na beseni langu.

Shemasi akaninong'oneza, "Kijana, leo jioshe tu. Mungu anaelewa."

Mungu, labda. Mimi sikuelewa.

Nikamwambia Baba kanisani sirudi, wala shule. Jumatatu akanipeleka hospitali Kisii. Daktari akaniambia nifumbe macho, akagusa mabaka kwa pamba.

"Unasikia?"

"Nasikia."

Akamgeukia Baba. "Mzee, ukoma ungeua hisia hapa. Huyu haambukizi mtu."

Chuo kikuu ndipo niliposoma kuwa ni vitiligo: immune system, kinga ya mwili, inageukia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Yaani walinzi wangu walinivamia mwenyewe. Nikapata digrii; mabaka hayakushtuka.

Turudi nyuma. Baba aliwaeleza wazee wa kanisa. Wakatikisa vichwa kukubali. Meza ya Bwana iliyofuata, wakapata wenzao haraka vilevile.

Wasio Wakisii waelewe: kwetu baba na mwana aliyetahiriwa wana chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya. Baba haingii hata nyumba ya mwanawe, sembuse kumshika mwili.

Baba akapiga magoti mbele yangu. "Leta mguu."

"Baba, watu wanaangalia."

"Waangalie. Leta."

Mzee mmoja akaguna, "Nyamweya, hii ni aibu!"

"Ya nani?" Baba akauliza, bila kuinua kichwa.

Akaniosha, akanikausha hadi katikati ya vidole. Kisha akavua viatu vyake, akaninyooshea miguu. Nikamwosha.

Baadaye walijitokeza wa kuniosha, mmoja mmoja. Si kwa ajili ya daktari. Walikuwa wamechungulia miguu ya Baba miezi kadhaa, wakaona haina baka.

Funzo? Sayansi ni kweli, lakini watu husubiri mtu wa kutangulia kugusa.

Sasa mabaka yamefika usoni na bado naulizwa kama yanaambukiza. Mwenye ngozi kama yangu, au aliyewahi kumkwepa mtu kama mimi, aandike hapa chini. Sitagombana na mtu. Nimechoka.