Johari, Maridadi na Bisibisi ya Shangazi

Shangazi yangu hutengeneza televisheni za chogo, zile za rangi za zamani, nzito kiasi kwamba watu wawili wakiibeba moja lazima mmoja alaumiwe. Chumba chake cha kazi kimepakana na jiko letu, kwa hiyo kazi zangu za shule huzifanyia mlangoni pake nikijifanya sisikilizi. Akifungua mgongo wa televisheni, kwanza hutoa umeme unaobaki kwenye kioo hata waya ukishachomolewa, kisha hupimapima kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa mfukoni. Nilimuuliza kwa nini. Akasema umeme hupenda kukatiza kifuani, naye kifua chake bado anakihitaji.

Jumatano mzee mmoja, mstaafu wa reli, alileta televisheni yake ya aina ya Johari. Rangi nyekundu ilikuwa imepotea. Kila mtu kwenye kioo alikuwa kijani kama anayetaka kutapika. Mwanawe alikuwa ameapa kwamba Jumamosi ikiikuta bado mbovu, anaipeleka kwa wauza vyuma chakavu na kuleta ile bapa ya kisasa. Mzee alitueleza haya huku ameushika ubavu wa televisheni kama mtu aliyemsindikiza mgonjwa. Waliichagua yeye na marehemu mkewe, duka zima wakilizunguka mara tatu.

Shangazi alikuta bodi ndogo inayovaliwa na shingo ya kioo imeungua. Ya Johari hakuwa nayo. Alikuwa na televisheni moja ya Maridadi, kioo kimepasuka lakini ndani ni nzima.

Mzee akakunja uso kama aliyelambishwa shubiri. Akatusomea mashtaka yote: Johari rangi zake zimetulia, ngozi ya mtu ni ngozi ya mtu, Maridadi ina makelele, bluu yake inachoma macho. Shemeji yake alikuwa nayo, na walibishana miaka ishirini, hata msibani.

"Fundi, kuitia Johari kiungo cha Maridadi ni kunizika nikiwa hai."

Shangazi hakubisha. Alizigeuza zote mbili, akafungua migongo, akamkabidhi tochi. Mzee akachungulia huku, akachungulia kule. Waya zilezile, namba ileile imechapwa kwenye bodi, hata alama ya kiwanda ileile. Kilichotofautiana ni kibandiko cha mbele tu.

"Sasa ile bluu ya makelele ilitoka wapi?"

"Kwenye kitufe cha rangi, mzee. Shemeji yako alikizungusha mpaka mwisho akakiacha huko."

Mzee akachungulia tena migongo yote miwili, akamrudishia tochi. Kisha akasema, "Weka. Ila shemeji asijue."

Ijumaa nyekundu ikarudi. Jumamosi mwanawe akaingia na boksi begani, akamkuta baba yake mbele ya mtangazaji mwenye midomo kama nyanya. Akatazama akiwa amesimama, akatua boksi, akaketi. Ile bapa iko chumbani, haijafunguliwa.

Siku hizi mzee huja kwetu karibu kila alasiri, na hana kibovu chochote. Huonyesha rafu kwa kidole na kuuliza, "Na hii, ndani ni ya nani?" Shangazi humpa bisibisi. Wiki hii wamefungua nne, kila moja na jina lake. Tatu zimetoka tumbo moja. Ya nne, mzee anashikilia kwamba ni mtoto wa nje.