Jina Nililoliandika kwenye Mchoro wa Mjane

Fundi wa fremu wa mjini Kisii amefariki, na Jumapili amezikwa kwao Nyacheki. Sikulia. Nimemshuku mtu yule miaka mingi, hata habari za kifo chake niliziuliza mara mbili kama ni za kweli. Duka lake liliuza vioo na misumari, lakini yeye ndiye watu waliyempelekea picha awaambie ni kazi ya nani na kama ina thamani. Kila mara aliiinua karatasi dirishani, akaipapasa, akainusa, halafu akaomba abaki nayo wiki nzima. Wiki nzima ya nini? Hilo ndilo lililonikera.

Miaka ya sabini ilipoanza nilikuwa mwalimu huko Manga. Jirani yangu, mjane wa mchongaji wa mawe laini aliyetoka Tabaka, alikuwa na mchoro wa mkaa usio na sahihi: ng'ombe mwenye uso wa mtu, mgongo wake vilima vitupu. Mgeni mmoja alikuwa akitafuta michoro ya maonyesho Nairobi, na neno la fundi ndilo alilolisikiliza. Mama alitaka jambo moja tu, jina la mumewe lisipotee. Mimi nikaona hatari: karatasi isiyo na jina, ikilala kwa mjanja, itaamka na jina lake. Basi kabla hatujaipeleka nilichukua kalamu yangu ya wino nikaandika jina la marehemu pembeni. Mama hakujua kusoma, nami sikumwambia.

Wiki iliyofuata tulimkuta mgeni dukani. Fundi aliweka kidole juu ya jina.

"Wino hii ni ya juzi," alisema. "Na mchoro iko na mikono mbili. Mmoja alikata mistari, mwingine akasugua kivuli. Mama, huyu wa pili ni nani?"

"Si ni mimi," mama akajibu, bila kuona ajabu yoyote. "Sisi watu wa mawe, mwanaume anachonga, mwanamke anasugua na maji mpaka inang'aa. Karatasi tulifanya vile vile. Lakini jina hatukuandika. Nani ameandika?"

Mgeni alikwisha kusikia habari ya wino, akaona ni jina bandia. Alivaa kofia yake akaondoka. Fundi akanitazama. Barua zangu za kuagiza vioo vya shule alikuwa nazo, na mwandiko wangu aliujua vizuri.

"Sijui, mama," alisema, akamkunjia mchoro wake polepole.

Nami nilifanya nini? Nilizunguka Manga yote nikisema fundi ana wivu, amemharibia mjane bahati yake. Waliniamini kwa kuwa ni mwalimu, na wengine hawakukanyaga tena duka lile. Hakujitetea hata siku moja. Sisi tuliosoma tulirudi vijijini tukidhani kila kazi ina mwenyewe mmoja, na mmoja huyo ni mwanamume. Kumbe fundi alihitaji ile wiki ili auone mkono wa mwanamke ambao mimi, jirani yake, sikuwahi hata kuuulizia. Naona haya.

Ukimshuku mtu, mwulize angali dukani kwake. Kwa fundi nimechelewa. Mjane bado yuko, na kabla gazeti hili halijapata wa kumsomea, nitakuwa nimeketi jikoni kwake nikimwambia ni mimi.