Ukoka wa Goli la Kusini

Wananchi wajulishwe kwamba Gongo la Mboto imempata mtaalamu wa mazingira. Hana ofisi, hana gari, hana cheti. Ana ndoo mbili na reki iliyobakiwa na meno manne.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Gozbert Rwekaza, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, amepiga magoti kwenye goli la kusini la uwanja wa Chemchem FC. Hapandi kitu. Anachambua udongo uliofukuliwa kwa majembe, na kila anapopata kipande cha ukoka chenye mzizi anakiweka kwenye ndoo yenye maji kidogo, kama mtu anayeokota vyombo baada ya nyumba kuungua.

"Hiki bado kizima," anasema, bila kumwambia mtu.

Gozbert ametunza uwanja huu kwa miaka kumi na mmoja. Klabu humlipa shilingi elfu themanini kwa mwezi, inapokuwa nazo. Alikuta mistari ikichorwa kwa oili chafu kutoka gereji za Barabara ya Pugu, kwa sababu ni ya bure na haifutiki upesi. Anasimulia kwamba pale oili ilipopita nyasi hazikuota tena, na mvua iliponyesha ilitiririka hadi kwenye kisima ambacho majirani walichota maji ya kuogeshea watoto.

Mwaka huu aliiomba kamati impe goli moja tu. Akaacha oili, akachora mistari kwa majivu anayopewa na mama lishe. Akachimba mfereji kutoka bafu la wachezaji, na maji yao ya kuoga yakawa yanamwagilia ukoka.

Mwenyekiti wa klabu, Marijani Kondo, alikubali kwa sharti. Goli likiwa bado la kijani siku ya robo fainali ya kata, uwanja wote utafuata mtindo huo. Likishindikana, oili itarudi na Gozbert atatafuta kazi nyingine.

Ukoka ulishika. Kwa miezi mitatu kipa Stanley alijirusha bila kuchubuka viwiko. Timu za wageni zilikuwa zikiuliza kama zinaruhusiwa kukanyaga.

Ijumaa iliyopita, siku moja kabla ya robo fainali, Stanley alikuta kijiti kimechomekwa kando ya mlingoti wa goli, kimefungwa kitambaa chekundu kwa uzi mweusi. Chini yake palikuwa na majivu.

Kwa msomaji asiyefuatilia mpira wa mitaani: timu ikikuta kitu kama hicho golini haiulizi ni cha nini. Inachimba. Wachezaji walileta majembe matatu, wakafukua goli zima kutafuta kilichozikwa. Hawakupata ila mizizi. Kesho yake walifungwa mbili bila, na mabao hayo nayo wakambebesha Gozbert.

Maana majivu anayabeba nani? Mchezaji mmoja alimwuliza mbele za watu kama huko kwao Bukoba nyasi hupandwa kwa dawa. Mwingine akasema wamemwona mara nyingi amepiga magoti golini alfajiri, midomo inacheza.

"Nilikuwa nahesabu miche," anasema Gozbert. "Mie ningekuwa mchawi, ningeanza na mgongo wangu huu."

Hacheki. Jumapili hii kamati inakutana kuamua kama abaki.

"Kufukuzwa nitavumilia. Lakini mke wangu, Anastasia, anauza mihogo hapo kona. Tangu Ijumaa watu hawanunui. Wanapita upande wa pili wa barabara."

Anatoa mfukoni kile kitambaa chekundu, alichokiokota golini baada ya wachezaji kuchimba, anakigeuza. Kwenye pindo kuna namba iliyoandikwa kwa wino usiotoka: 217.

Wanafunzi wa bweni huandika namba kwenye kila nguo ili isipotee kambani. Gozbert anaitazama namba hiyo, kisha anaitazama bukta ya mwandishi wa makala haya, ambaye yuko likizo na amekuja na daftari na sura ya mtu makini.

"Mwanangu, hiyo namba kwenye bukta yako ni ngapi?"

Mwandishi alijibu kwamba swali hilo liko nje ya mada. Gozbert akasubiri.

Basi, ni mimi. Stanley ni binamu yangu. Alijigamba mezani kwamba uchawi haumtishi, nikataka kuona atakimbia umbali gani. Nilikata kipande cha fulana yangu ya michezo. Majivu niliyachota kwenye ndoo ya mzee kwa kuwa ilikuwa karibu; sikufikiri zaidi ya hapo. Walipoanza kuchimba nilikuwa nimesimama pembeni, nikanyamaza. Nilikuja kumhoji nikidhani makala nzuri itamsafisha bila mimi kujitaja.

Nilimwomba radhi. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema ukoka utashika tena kabla ya masika kwisha, wakimwacha auangalie, kisha anataka kuanza goli la kaskazini.

"Andika," aliniambia. "Mie nikisema, wataona najitetea. Andika, na jina lako uweke."

Mwenyekiti Marijani na kamati yako, kitambaa ni changu. Naitwa Brightson Mushi. Jumapili nitakuja na fulana yenyewe muone ilipokatwa. Mzee Gozbert hajawahi kuzika chochote pale isipokuwa nyasi, na wachezaji wenu walizing'oa kwa sababu yangu.