Siku Niliyomshonea Aliyechukua Nafasi Yangu

Nakumbuka asubuhi moja ya masika kule Suji, mwanangu, tulipokuwa tukirekodi filamu nyumbani kwa shangazi yangu Namsifu. Nakusimulia kwa sababu umenijia hapa Same umenuna, eti nafasi uliyoitaka kapewa mwenzako.

Mimi nilikuwa nimezoea kuwa bibi harusi. Hata pale stendi watoto waliniita kwa majina ya wale niliowaigiza. Mara hiyo mwongozaji akanipa nafasi ya mama mtu. Bibi harusi akawa binti mgeni, Rehema, mwembamba kama ufito. Cheo ni dhamana, lakini nani hulikumbuka hilo akiwa amekikalia?

Basi gauni likaletwa, pana, likawa linamvuka mabegani. Fundi alikwama bondeni, mvua imekata barabara.

"Lisipomkaa, nitatafuta bibi harusi mwingine," mwongozaji akasema, huku akinitupia jicho.

Rehema akakimbilia chumbani kulia. Mimi nikabaki jikoni. Shangazi alikuwa akigeuza makande. Ndiye aliyenifundisha cherehani nikiwa bado sijui kusoma vizuri.

"Wewe mtoto, sindano unaijua, na umekaa?"

"Shangazi, ile nafasi ilikuwa yangu."

"Ilikuwa. Sasa kuna binti wa watu analia chumbani kwangu. Hilo gauni utalivaaje, limelowa machozi yake?"

Hakupaza sauti, wala mwiko hakuuachia. Nikaona haya, nikainuka, nikachukua sindano na uzi nikamfuata Rehema chumbani.

"Shikamoo, dada," Rehema akasema, akifuta machozi.

"Marahaba. Simama wima, mdogo wangu, nisikuchome."

Nikabana kiuno, nikapunguza mabega, nikatoa lesi kwenye pindo nikafichia mishono ya kifuani. Alipotoka uani, akina mama wa jirani waliokuja kutazama wakapiga vigelegele kabla hata ya kuambiwa. Hakuna aliyeniangalia mimi, na ajabu, moyo wangu ulijaa kuliko siku zote nilizoangaliwa.

Filamu iliyofuata, mwongozaji akanikabidhi mavazi yote. Nikaigiza mbili tatu zaidi, kisha nikaacha kuigiza bila kinyongo, nikabaki na cherehani. Rehema naye, mpaka leo akiitwa kazini huuliza kwanza, "Nguo anashona nani?" Wema hauozi, mwanangu.

Sasa futa machozi, unywe hiyo chai ya tangawizi kabla haijapoa. Nenda kampongeze mwenzako, na ukiona amekwama, msaidie. Usingoje aanguke ndipo wewe usimame. Na kila ujuzi uliofundishwa nyumbani, hata ukiuona mdogo, utunze. Hujui ni upi utakaokulisha.

Mungu akupe moyo mpana. Akupe na watu wa kukukemea huku wakikupenda. Kazi ya mikono yako ipate kibali, na popote utakapoingia, watu wafurahi kwamba umekuja. Amina.